Laki sita za redio: historia ya kutangaza kwa mfuko mtupu

Najua nimewatupa. Zamu za usiku zimenibana mwezi mzima, na mtu ukishatoka wodini asubuhi kwenye baridi la Minnesota, unachotaka ni blanketi na wala si kibodi. Leo nina mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, na ninalo jambo la kuwasimulia.

Jambo lenyewe lilianza na mdogo wangu aliyeko Morogoro. Anatengeneza siagi ya karanga. Anakaanga mwenyewe, anasaga, anajaza kwenye makopo na kubandika karatasi yenye jina. Wiki tatu zilizopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada, shikamoo. Naomba unikopeshe laki sita. Kuna redio wamenipa bei ya matangazo ya mwezi mmoja. Watu hawanijui, ndiyo maana hawanunui."

Mlio ughaibuni mnajua ujumbe wa namna hiyo unavyokaa kifuani. Ukitoa, hujui kama fedha itarudi. Usipotoa, wewe ndiye dada mwenye roho mbaya anayeogelea kwenye dola. Nami nilikuwa na kidonda cha zamani: miaka miwili iliyopita nilimtumia fedha za kuchapa vipeperushi, na nilipokwenda likizo nikavikuta kwa mama mmoja jirani, anafungia vitumbua. Nilinunua vitumbua vitatu, nikasoma tangazo la mdogo wangu likiwa limelowa mafuta, sikujua nicheke au nilie.

Kwa hiyo safari hii sikujibu ndiyo wala hapana. Nilimwambia anipe muda. Halafu siku zangu za mapumziko nikawa nashinda maktaba ya mtaani, nikitafuta jibu la swali moja: watu waliokuwa na kitu kizuri lakini hawana fedha, walijulikanaje? Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza mambo haya yanaitwa kwa jina la vita vya msituni. Jina lilienea baada ya mwaka 1984, Mmarekani Jay Conrad Levinson, aliyekuwa mtu wa matangazo, alipotoa kitabu chake Guerrilla Marketing. Alikuwa anawaandikia wenye biashara ndogo wasio na uwezo wa kununua muda wa televisheni. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye fedha kidogo asijaribu kupigana kwa silaha za tajiri. Atumie muda wake, nguvu zake na akili yake.

Sisi tuliotoka Tanzania mfano huu hatuhitaji kufafanuliwa sana. Wapiganaji wa Frelimo walifanya mazoezi kwetu Nachingwea kabla ya kuvuka kwenda Msumbiji kumkabili Mreno. Hawakuwa na ndege. Walichokuwa nacho ni miguu, kulijua pori, na wanakijiji waliowapa chakula na kuwaficha. Mpiganaji wa msituni akishakosana na wanakijiji, amekwisha. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia.

Mtu aliyejichoma mwenyewe

Wa kwanza ninayetaka mkutane naye ni Robert Chesebrough. Alizaliwa London mwaka 1837, akakulia New York, akawa mkemia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafuta ya taa kutokana na mafuta ya nyangumi. Mwaka 1859 mafuta ya ardhini yakachimbwa Titusville, jimbo la Pennsylvania, na riziki ya Chesebrough ikaingia mchanga. Akafunga safari kwenda kuona huko Titusville kuna nini.

Alichokiona ni wafanyakazi wanalalamikia uchafu mzito kama nta uliokuwa unaganda kwenye vyuma vya kuchimbia na kukwamisha mitambo. Lakini wafanyakazi haohao wakijikata au wakiungua, walikuwa wanajipaka uchafu uleule. Chesebrough akabeba kiasi akarudi nacho Brooklyn, akakaa miaka akiusafisha mpaka ukawa mweupe usio na harufu. Alijikata na kujiunguza mwenyewe ili aupime. Mwaka 1872 akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Jina alilokipa kitu hicho mnalijua wote, hata bibi yangu ambaye hakusoma alilijua: Vaseline. Sisi tunaita mafuta ya mgando.

Sasa shida ikaja. Alikuwa na kitu lakini hakuna aliyekitaka. Wenye maduka ya dawa hawakuona sababu ya kununua takataka ya visima vya mafuta. Chesebrough angeweza kukaa Brooklyn akilia kwamba watu hawamjui. Badala yake alipanda gari la farasi akaanza kuzunguka miji na vijiji vya jimbo la New York. Akifika mahali anakusanya watu, anajichoma ngozi kwa moto au kwa tindikali mbele yao, kisha anapaka mafuta yake. Halafu anawaonyesha makovu ya safari zilizopita, waone yalivyopona. Akimaliza, anagawa mafuta bure.

Tazameni alichofanya. Hakumshawishi mwenye duka hata kidogo, alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye watoto wanaojikwaruza. Yule mama mafuta ya bure yakimwishia, anakwenda dukani mwenyewe kuulizia. Na mwenye duka akiulizwa kitu kimoja na watu kumi kwa wiki, ataanza kukitafuta kokote kiliko. Chesebrough baadaye akaongeza magari mengine ya farasi yaliyokuwa yanafanya kazi hiyohiyo ya kugawa.

Hapa naomba nivae sare yangu kidogo, maana siwezi kusimulia habari hii nikanyamaza. Je, alikuwa anasema kweli? Kwa sehemu. Mafuta ya mgando hayaui vijidudu na hayana dawa yoyote ya ajabu ndani yake. Yanachofanya ni kuziba, ili unyevu usitoroke. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1962, mtafiti George Winter alionyesha kwa majaribio ya nguruwe kwamba kidonda kilichotunzwa kikiwa na unyevu hufunika ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gamba. Ndiyo maana mpaka leo wodini tunatumia shashi zenye mafuta hayo kwa baadhi ya vidonda. Kwa hiyo Chesebrough aliona kweli ingawa sababu hakuijua. Lakini jambo moja msimwige: mtu akiungua sasa hivi, usimpake mafuta, wala dawa ya meno, wala yai. Maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali kama jeraha ni kubwa au ni la mtoto.

Ninachompendea mzee huyu ni kwamba tangazo lake lilimgharimu. Hakuwa na fedha, akalipa kwa ngozi yake. Watu walimwamini kwa sababu mtu muongo hujichoma mara moja, harudii kila kijiji. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa anakula kijiko kimoja cha Vaseline kila siku (tafadhali, msijaribu). Alikufa mwaka 1933 akiwa na miaka 96.

Mali ya Abdulla

Sasa turudi pwani ya kwetu, maana nilipokuwa nasoma habari hizi za Wamarekani nilijikuta natabasamu. Nilikumbuka kabati la mama.

Mwaka 1887 mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa. Watu walimjua kwa jina la Abdulla. Aliuza kanga, au leso kama wanavyoita wenyewe wa Mombasa. Kwenye kanga zake alikuwa anachapa alama yake: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zikaanza kuwa na misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sasa, na alama ya mwenye mali ikabaki pamoja nayo.

Fikirini maana yake kibiashara. Bango la ukutani unalilipia, na mvua ikinyesha limekwisha. Kanga ya Abdulla mteja ndiye aliyelipa, na mteja ndiye aliyebeba jina la Abdulla kiunoni kwenda sokoni, kisimani, msibani na harusini. Na msemo ulifanya kazi ambayo nembo peke yake isingeiweza. Mtu akikuona na kanga anataka kuisoma. Anasogea. Anauliza, kanga hii imeandikwa nini? Umeinunua wapi? Bado ipo? Akitaka kumpiga jirani kijembe bila kufungua mdomo, anakwenda dukani kutafuta maneno yanayomfaa. Watu wakazungumzia kanga kila kona, na wala Abdulla hakuhitaji kupita na vipaza sauti.

Mimi nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi niliwapokea watoto wengi kwenye wodi ya wazazi. Mama anakuja na doti zake za kanga, moja ya kulalia, moja ya kumpokelea mtoto. Mtoto wa Kiswahili anafunikwa maandishi kabla hajafumbua macho. Na sisi tunapoondoka duniani, kanga zipo pia. Sijui tangazo gani duniani limemfuata mteja namna hiyo, toka kuzaliwa mpaka kuzikwa.

Sasa nirukeni nami mpaka California, mwaka 1996, mtaona kwamba hatujatoka mbali. Vijana wawili, Sabeer Bhatia na Jack Smith, walizindua huduma ya barua pepe ya bure, Hotmail, tarehe 4 Julai mwaka ule. Mwekezaji wao Tim Draper akawashawishi waweke mstari mmoja chini ya kila barua inayotumwa, unaomwambia msomaji kwamba naye anaweza kupata anwani yake bure. Basi. Kila mtu aliyemwandikia shangazi yake alikuwa amemfikishia shangazi tangazo, na limetoka kwa mtu anayemfahamu, si kwa kampuni. Ndani ya mwaka mmoja na nusu walifika watumiaji wapatao milioni 12, na mwishoni mwa 1997 Microsoft ikainunua kampuni kwa takriban dola milioni 400. Mnaokumbuka kulipia intaneti kafe kwa nusu saa, mkafungua anwani yenu ya kwanza kwa jasho, nanyi mlibeba mstari ule bila kujua.

Ule mstari wa Hotmail na yale maneno ya Mali ya Abdulla ni wazo moja. Weka jina lako kwenye kitu ambacho mteja atakitumia mbele ya watu wengine.

Wamarekani wakaupa mtindo huo jina la ugonjwa, matangazo ya virusi. Muuguzi akisikia neno hilo hafurahi, lakini nakiri kwamba mfano ni sahihi. Tunavyofundishwa kuhusu milipuko ni kwamba mgonjwa mmoja akiambukiza kwa wastani chini ya mtu mmoja, ugonjwa utazimika wenyewe. Akiambukiza zaidi ya mmoja, jiandaeni. Ndivyo na biashara. Si lazima mdogo wangu asikike na mkoa mzima wa Morogoro. Inatosha kila anayenunua kopo moja, kwa wastani, alete zaidi ya mtu mmoja mwingine. Hapo redio haina kazi. Na kama wanunuzi wake hawaleti mtu, redio itanyamaza mwezi ukiisha, naye atarudi alikokuwa.

Mwanamke aliyerusha bakuli

Wa tatu ni mwanamke, na habari yake ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Miaka ya 1940 Earl Tupper, mvumbuzi wa Massachusetts, alitengeneza bakuli za plastiki zenye kifuniko kinachobana hewa isipite. Zilikuwa nzuri, lakini madukani zililala. Wanawake walikuwa hawaiamini plastiki, na kile kifuniko hawakujua kukifunga. Kitu kilihitaji mtu wa kukionyesha.

Mtu huyo alikuwa Brownie Wise, mama aliyeachana na mumewe, anamlea mtoto wake wa kiume peke yake huko Detroit. Alikuwa anauza brashi na vifaa vya usafi nyumba kwa nyumba. Alipozipata bakuli za Tupper akaanza kuziuza kwa njia nyingine. Anamwomba mwanamke mmoja akusanye majirani nyumbani kwake, kuwe na vinywaji na vicheko. Katikati ya mazungumzo anachukua bakuli lililojaa maji ya matunda, analifunga, analirusha hewani mbele ya wageni. Mazulia ya watu yako chini, mioyo iko juu. Bakuli halimwagi. Kazi imekwisha, na mwenye nyumba anaondoka na zawadi kwa kukusanya watu.

Mauzo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba Tupper mwenyewe akamtafuta. Mwaka 1951 Tupper aliziondoa bakuli zake madukani kabisa, zikawa zinauzwa majumbani tu, na Brownie Wise akawa makamu wa rais wa kampuni akisimamia mauzo yote kutoka Florida. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Business Week. Maelfu ya wanawake ambao hakuna ofisi ingewaajiri walipata fedha yao wenyewe kwa njia yake.

Halafu mwaka 1958, baada ya kutoelewana na Tupper, akafukuzwa. Hakuwa na hisa hata moja. Baada ya kushitaki aliambulia kiasi cha dola 30,000 hivi, sawa na mshahara wa mwaka mmoja. Mwaka uleule Tupper akaiuza kampuni kwa mamilioni ya dola. Wise akafutwa kwenye historia ya kampuni kwa miaka mingi. Alikufa mwaka 1992. Kampuni yenyewe, Tupperware, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Septemba 2024.

Nilifunga kitabu nikawaza. Chesebrough alibeba tangazo lake kwa ngozi yake, na faida ikawa yake. Wanawake wa Brownie Wise walilibeba kwa sebule zao, chai yao na ujirani wao. Kitu kilichouza zile bakuli ni aibu ya kukataa mbele ya shoga yako. Bei ya tangazo hilo haikuandikwa kwenye daftari la kampuni, lakini ililipwa.

Nalijua hilo kwa sababu limenipata. Miaka michache nyuma muuguzi mwenzangu, Mwafrika mwenzangu pia, alinialika chai nyumbani kwake. Nilifurahi, upweke wa huku mnaujua. Nikabeba na maandazi. Kumbe ilikuwa kikao cha kuuza unga wa lishe, na kutuandikisha tuwe wauzaji ili nasi tuandikishe wengine. Nilinunua makopo mawili kwa aibu. Unga sikuunywa. Kilichouma ni kwamba baada ya pale tulikuwa tukikutana koridoni, yeye ananitazama kama mteja, mimi namkwepa kama mdeni. Urafiki ukafa taratibu, bila ugomvi. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumia mtaji asioujua thamani yake, na ulipokwisha haukurudi.

Maneno yakienda mbali kuliko dawa

Kuna tahadhari moja ya mwisho, na hii ni ya nyumbani kabisa. Wengi mnakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Hakulipia tangazo hata moja. Aliyekunywa akamwambia ndugu yake, ndugu akapiga simu Nairobi, na baada ya wiki chache foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi porini. Matajiri kwa maskini, wote foleni moja. Wapo waliotoka vitandani hospitalini kwenda huko, wapo walioacha dawa zao za kupunguza makali ya Ukimwi, na wapo waliofia njiani na foleni.

Sisemi hili kumsuta mtu. Mzee alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Nasema kama muuguzi. Habari kusafiri kasi si ushahidi kwamba ni kweli. Mdomo wa watu hauchagui, utabeba dawa na utabeba sumu kwa mwendo uleule. Kwa hiyo mwenye kutaka kusambazwa na watu anatakiwa ajiulize kwanza, nikisambaa, ni nini kitakachosambaa?

Jibu nililompa

Baada ya kusoma yote hayo nilimpigia mdogo wangu. Nilimuuliza maswali ambayo hakuyatarajia. Karanga unazinunua kwa nani? Unazikausha wapi? Zikilowa unafanyaje? Akasita. Akasema wakati wa mvua huwa zinakaa kwenye magunia siku kadhaa chumbani.

Moyo ukapiga paa. Karanga zenye unyevu huota ukungu, na ukungu ule huacha sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haitoki kwa kukaanga. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Fikirini kama ningetuma laki sita, redio ikafanya kazi yake vizuri, na siagi ile ikaingia kwenye uji wa watoto wa Morogoro nzima kwa sifa ya jina letu.

Nilimwambia ukweli, kwa upole ila bila kuzunguka. Alinyamaza. Halafu akasema, "Dada, kwani wewe ulitaka niuze au nisiuze?" Nilijua ameumia. Tulikaa siku nne bila kuzungumza, na siku nne hizo nilifanya zamu nikiwa na fundo kooni.

Siku ya tano yeye ndiye aliyepiga. Tulipanga hivi. Fedha nitatuma, lakini si laki sita za redio. Zitanunua turubai na chaga za kukaushia, na kulipia kipimo cha karanga kabla hajasaga tena. Atakwenda SIDO kuuliza wanaweza kumsaidia nini, na atafuata taratibu za TBS hata kama zitachelewesha. Zitakazobaki zitanunua vikopo vidogo sana, vya kijiko kimoja au viwili, agawe bure. Kama Chesebrough, aende kwa walaji na si kwa wenye maduka: kwa wauza chapati asubuhi, maana pale siagi inapakwa mtu akitazama, na harufu inafanya kazi yenyewe. Kila kopo kubwa liwe na maneno machache ya kusomeka upande mmoja, jina lake na namba upande wa pili, na kopo liwe zuri kiasi kwamba likiisha litawekewa chumvi au sukari mezani. Hilo ni la Abdulla. Na akileta mtu wa kumuuzia, amlipe fedha taslimu na asimlipe kwa ahadi ya kuandikisha wengine. Hilo nimelifanya kwa ajili ya Brownie Wise.

Sina habari ya ushindi ya kuwapa. Kundi moja la karanga lilipimwa likakutwa halifai, akalitupa lote, akalia. Kundi la pili likafaa. Muuza chapati mmoja amerudi kununua kopo kubwa, na mwalimu aliyekula chapati pale ameulizia. Watu wawili kutoka kwa mmoja, kwa hesabu ya milipuko si haba.

Jana nimepata ujumbe wake mwingine. "Dada, shikamoo. Vikopo vimekwisha. Halafu zile laki sita za redio, bado nazidai."

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka mpaka mgonjwa wangu kitanda cha pili akauliza kuna nini. Nikamwonyesha picha ya vikopo kwenye simu. Akaniuliza, vinauzwa wapi?

Nanyi wenzangu mnaotuma fedha nyumbani, nitafurahi kusikia ya kwenu. Tuonane tena zamu zikiruhusu.